Ule mchezo wa kuchekesha wa televizio uliitwa namna gani?

Mu jamaa nyingi za miji yetu ya shaba kuna ulizo moja lenye kurudia kila mara watu wanapokusanyika, iwe ku ndoa, iwe ku kilio, iwe siku ya Mungu kisha chakula. Mutu mumoja anaanza kucheka peke yake, halafu anasema: «Munakumbuka ile teatre ya zamani ya ku televizio? Ile yenye bwana alikuwa anajificha juu ya deni?» Wengine wanaitika. Mumoja anakataa: «Apana, ile ilikuwa ku radio.» Mwingine anasema: «Yaya, weye ulikuwa mutoto, utajua nini?» Kila mutu ana kipande chake, lakini jina la mchezo halipatikane, na jina la muchezaji pia limepotea.

Wapenzi wasomaji, ulizo kama hili linaonekana dogo. Lakini wale wanaoweza kulijibu wanazeeka, na kila mwaka tunazika wengine. Vijana wetu wanajua filme za Marekani na za Nigeria, wanajua wachekeshaji wa Kinshasa, lakini wengi hawajui kama hapa Lubumbashi watu walichekesha mukoa muzima kwa Kiswahili chetu, hiki chenye tunasema ku soko na ku kazi. Basi tunapenda kuonyesha namna ya kutafuta. Hata mutu akikumbuka kidogo tu, koti moja ao bei ya mukate, kuna njia ya kusogea karibu na jibu.

ILIKUWA TELEVIZIO KWELI?

Ulizo la kwanza ni hili: aliona wapi? Akili ya mutu inachunga kicheko vizuri kuliko inavyochunga mahali. Mutu anaweza kusema «niliona ku televizio», kumbe alisikia ku radio, na akili yake yenyewe ikatengeneza sura ya wachezaji. Ao aliona ku sinema.

Tuchukue mufano. Nkambo mwenye kupita miaka 80 anakumbuka wanaume wawili wa kuchekesha, kila kazi wanayoanza inaharibika, na watu wanacheka mpaka machozi. Wajukuu wanasema: «Nkambo, bale ni Laurel na Hardy.» Muzee anakasirika: «Apana! Bale balikuwa batu beusi kama siye.» Nani yuko na haki?

Muzee anaweza kuwa na haki kabisa. Mu miaka ya 1950 televizio haikukuwa bado mu Congo, lakini sinema ilikuwa. Mapadri na kampani walikuwa wanaonyesha filme inje, usiku, juu ya kitambaa cheupe, na watu wa kambi walikuja na viti vyao. Filme zingine zilitengenezwa hapahapa mu inchi. Mu Kasai, padri mumoja Mubelgiji wa shirika la Scheut, Albert Van Haelst, alitengeneza filme za kuchekesha juu ya watu wawili walioitwa Matamata na Pilipili. Wachezaji walikuwa Wakongomani. Watu wengi wamewafananisha na Laurel na Hardy, na njo sababu wajukuu wanachanganya. Mu mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filme ya ukumbusho juu yao, yenye kuitwa kwa majina yao wawili.

Kwa hiyo alama ya kwanza ni mwaka. Televizio ya taifa ilianza mu Kinshasa mwezi wa 11 wa mwaka 1966. Mutu akisema alikuwa mutoto wa masomo ya kwanza mu mwaka 1955, mchezo wake haukukuwa wa televizio. Tutafute ku upande wa sinema, wa radio, ao wa teatre ya jukwaani ku cité. Tusimwambie anadanganya. Alichoona aliona, ila posti ya televizio iliongezwa kisha na akili, sababu miaka mingi ilipita akiwa na televizio mu nyumba.

WATU WENGI, POSTI MOJA

Wazazi waliokomaa mu miaka ya 1970 wanajua vile ilikuwa. Televizio haikukuwa mu kila nyumba. Mu barabara nzima kulikuwa posti moja ao mbili, na saa ya teatre watoto wa majirani walijaa mu nyumba ya mwenye posti. Wakubwa walikaa ku viti, watoto chini, na wale waliochelewa walisimama inje ku dirisha.

Jambo hili linatusaidia kuelewa ukumbusho wenye kukatika. Jina la mchezo lilitajwa ku mwanzo, na mutoto wa ku dirisha alifika kisha. Ku mwisho mama alimuita akalale. Akachunga katikati tu: mutu anakimbia na suruali imeshikwa, mama mukwe anaingia bila kubisha, wakubwa wanapiga mikono. Kama mutu hakumbuki mwanzo na mwisho, pengine hakusahau. Pengine hakuona hata siku moja. Basi tusimusumbue kwa kumuuliza jina. Tumuulize alikuwa amesimama wapi, nyumba ilikuwa ya nani, na nani alikuwa karibu naye. Mutu aliyekaa ku kiti siku ile anaweza kuwa muzima hata leo.

LUGA INASEMA MINGI

Alama ya pili ni luga. Hii watu wanaikumbuka vizuri kuliko jina.

Kama wachezaji walikuwa wanasema Lingala, tutafute Kinshasa. Kule televizio ya taifa ilikuwa na emisio ya «Théâtre de chez nous», na Groupe Salongo ilijulikana mu inchi yote. Vipindi vya Kinshasa vilionekana mupaka kwetu, na watoto wengi wa Shaba walijifunza Lingala yao ya kwanza pale, na mu miziki.

Kama ilikuwa Kifaransa, na mutu anakumbuka mwanaume mufupi mwenye hasira, mwenye kepi ya polisi, anayepiga kelele na kukunja uso, huyu bila shaka ni Louis de Funès, Mufaransa. Filme yake «Le Gendarme de Saint-Tropez» ilitoka mwaka 1964, na zingine tano za ndugu yake zilifuata mupaka mwaka 1982. Ile ilitengenezwa kuwa sinema, hata kama mutu aliiona ku televizio.

Kama hakuna maneno hata moja, ila muziki, kofia ya mviringo na fimbo, ni Charlie Chaplin, yule wazee wanaita Charlot.

Lakini kama ilikuwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kitabu, ni kile chetu chenye kuchanganya na Kifaransa, basi tuko karibu na nyumba. Hapo jina moja linakuja mbele ya yote: Mufwankolo.

FEZA, MAVAZI NA MAJINA

Alama ya tatu inasaidia kupata miaka. Inchi yetu ilibadilisha vitu vingi mara nyingi, na kila mabadiliko yaliacha kidole chake mu michezo.

Feza. Mu teatre watu wanazungumuza juu ya deni, juu ya mahari, juu ya bei. Wachezaji walitaja feza gani? Makuta na zaire vilianza mwaka 1967. Zaire mupya ilikuja mwaka 1993. Franka ya Congo ilirudi mwaka 1998. Kama mutu anakumbuka bwana analia juu ya makuta 50 kama ni mali nyingi, mchezo ni wa zamani sana. Kama anakumbuka watu wanabeba feza mu mufuko na haitoshi kununua kitu, ni wa miaka ya mwanzo wa 1990, wakati bei zilipanda kila siku.

Mavazi. Mukubwa wa kazi mu mchezo alivaa nini? Kravate, ao abacost? Abacost ilikuwa vazi la wakubwa wakati wa Authenticité, mu miaka ya 1970 na ya 1980. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi, na kravate ikarudi waziwazi. Abacost inatuweka mbele ya tarehe ile, hata kama si siku ya haki, sababu wazee wengine waliendelea kuivaa.

Namna ya kuitana. Wachezaji walisema «citoyen» na «citoyenne», ao «monsieur» na «madame»? Hii inafuata miaka ileile ya abacost.

Majina. Mu mwaka 1972 watu waliambiwa kuacha majina ya ubatizo mu mambo ya serikali na kuchukua majina ya asili. Kwa hiyo muchezaji mumoja anaweza kuwa na majina matatu: la ubatizo, la asili, na la teatre. Jamaa mbili zinaweza kugombana usiku muzima juu ya watu wawili, kumbe ni mutu mumoja. Na miji vilevile: mutu akikumbuka Elisabethville ao Jadotville mu maneno ya mchezo, tujue Lubumbashi na Likasi zilipata majina haya mwaka 1966.

MUFWANKOLO: MCHEZO BILA KARATASI

Jina Mufwankolo lilikuwa la mutu na la kikundi kwa pamoja. Mutu ni Odilon Kyembe Kaswili, na wenzake walicheza ku Lubumbashi, ku radio na ku televizio, miaka na miaka. Walicheza maisha ya kwetu: bibi na bwana wanagombana juu ya mushahara, jamaa ya kijiji inafika bila kutangaza, mulevi, mwizi, shemeki mwenye tamaa, mutoto mwenye kukataa masomo. Watu walicheka, na ku mwisho kulikuwa fundisho. Mama mumoja akimuona mulevi wa mu teatre alimuangalia bwana wake, na bwana aliangalia ukuta.

Sasa tufike ku jambo lenye kuelezea kwa nini michezo hii ni ngumu kutambua. Mufwankolo na wenzake hawakuwa na kitabu cha maneno ya kushika kwa kichwa. Walikubaliana juu ya hadisi: nani ni nani, nini inaanza, nini inafuata, inaisha namna gani. Kisha kila muchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe pale pale. Wakirudia mchezo, maneno yalibadilika, na hata kipande kizima kiliweza kuongezwa ao kupunguzwa.

Ona vile jambo hili linaeleza mabishano yetu. Yaya mukubwa alisikia hadisi ku radio. Mudogo wake aliiona ku televizio siku nyingine. Hadisi ni moja, wachezaji ni walewale, lakini maneno si yale. Wote wawili wanakumbuka vizuri na wote wawili wanabishana! Mu filme ya Ufaransa jambo hili haliwezekane, sababu filme ni ileile kila mara inaonyeshwa. Kwa michezo yetu tusitafute neno kwa neno. Tutafute mifupa ya hadisi.

MCHEZO WA SULTANI

Tuseme mama mumoja wa Kolwezi anakumbuka hivi: «Kulikuwa sultani. Haikukuwa mu chumba cha televizio, ilikuwa mu kijiji ya kweli, na nyumba na miti. Watu bote ba sultani balikuwa banafanya fujo. Nilikuwa nimezaa mutoto wa kwanza.» Mutoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1986.

Hapa tuna alama ine: Kiswahili, sultani, kijiji cha kweli, mwaka 1986. Na kuna mchezo mumoja wenye kufanana nazo zote. Mu mwaka 1986 Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia aliyefundisha mu Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alirudi kutembelea. Alisikia msemo wenye kusema kwamba utawala unakulwa muzima, na akauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Pa nafasi ya kumujibu kwa maneno matupu, wao waliamua kutengeneza mchezo. Waliufanyia mazoezi, kisha wakaucheza mu kijiji cha Kawama, inje ya Lubumbashi, na watu wa televizio wakauchukua sura. Kwa Kifaransa uliitwa «Le pouvoir se mange entier».

Je, mama amepata jibu? Amekaribia sana. Lakini tuwe na uangalifu: sultani ni mutu wa kawaida mu teatre yetu, na sultani peke yake haitoshi. Kilicho na nguvu ni kijiji pamoja na mwaka. Hatua yenye kubaki ni kumusomea hadisi ya mchezo ule na kuona kama anatambua vipande ambavyo hakutuambia yeye mwenyewe. Akisema mbele yetu kile chenye kufuata, tumeupata.

Na hadisi ile iko mu kitabu. Fabian aliandika maneno yote ya mchezo, Kiswahili ku upande mumoja na Kiingereza, mu kitabu «Power and Performance», kilichotoka Marekani mwaka 1990. Mbele yake, mwaka 1981, Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa mu Vienna kitabu chenye kuitwa «Le Groupe Mufwankolo». Na mwaka 2014 Maëline Le Lay alitoa Ufaransa kitabu «La parole construit le pays», juu ya teatre na luga za Katanga. Kwa hiyo kicheko cha baba zetu kimechungwa mu Austria, Marekani na Ufaransa. Hakuna ubaya wageni kukichunga, na tunawashukuru. Lakini ni vizuri vijana wetu wenye kusoma ku université wajue kwamba vitabu hivi viko, wavitafute, na wavisomee wazee kwa sauti. Muzee akisikia Kiswahili chake cha zamani mu kitabu, mulango mwingine wa akili unafunguka.

AKILI INATENGENEZA

Watu wenye elimu wamechunguza namna akili inavyokumbuka. Mu mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett alitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliwapa watu hadisi ya wageni, halafu akawaomba waieleze tena na tena kisha siku nyingi. Kila mara hadisi ilikuwa fupi zaidi, na vitu visivyojulikana viligeuka vitu vya kwao. Sisi pia tunafanya hivyo. Mutu aliona filme ya wageni, na kisha miaka 40 anasimulia kana kwamba ilichezwa ku Kamalondo.

Mu mwaka 1974 Wamarekani wawili, Elizabeth Loftus na John Palmer, walionyesha wanafunzi filme fupi ya motokari kugongana. Wanafunzi 50 waliulizwa motokari zilikuwa na mbio gani «wakati ziligongana». Wengine 50 waliulizwa kwa neno kali zaidi, kama kusema «wakati zilivunjana». Kisha juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vimevunjika. Mu filme hakukukuwa vioo vyenye kuvunjika. Lakini mu kikundi cha neno kali watu 16 walisema waliviona, na mu kikundi kingine 7 tu. Neno moja mu ulizo liliweka vioo mu akili.

Fundisho kwetu ni wazi. Ukimuuliza nkambo: «Ule mchezo, muchezaji munene alikuwa Mufwankolo, sivyo?», umekwisha kuharibu. Kesho atakuambia alimuona. Uliza bila kutia jibu: «Nani alicheza? Alikuwa namna gani?» Halafu nyamaza.

KASETI ZIKO WAPI?

Wengine wanasema: tuende tu ku televizio, watutolee kaseti. Tungependa iwe rahisi hivyo. Zamani, mu dunia nzima, emisio zingine zilitoka moja kwa moja bila kuchungwa, na bande zilikuwa za bei kali, basi vituo vingi viliandika emisio mupya juu ya ile ya zamani. Hata BBC ya Uingereza ilifanya hivyo. Mchezo wao wa kuchekesha «Dad's Army», juu ya wazee wenye kulinda muji wao wakati wa vita, ulipoteza vipande vitano vya mwaka 1969. Mu mwaka 2001 viwili vilipatikana, kwa sababu mutu alikuwa ameokota filme zilizotupwa na kuzichunga. Vitatu vilibaki bila kupatikana.

Kama inchi tajiri ilipoteza, tusishangae mambo ya kwetu, wenye joto, mavumbi na uporaji wa mwaka 1991. Lakini ona nini iliokoa vile vipande viwili: mutu wa kawaida mwenye kuchunga kitu mu nyumba. Mu nyumba zetu pia kuna masanduku. Watu wengi walitia radio na kaseti pamoja na kuchukua teatre ku radio, na wenye vidéo walichukua za televizio. Kama unayo kaseti ya namna hii:

— Vunja kile kidole kidogo cha plastiki ku mugongo wa kaseti. Kisha hapo machine haitakubali kuandika juu yake.
— Ichunge mahali pakavu, mbali na jua, mbali na haut-parleur, sababu sumaku yake inafuta.
— Ukiona ukungu mweupe ku bande, usiitie mu machine. Itaharibika, na machine pia. Tafuta mutu mwenye kujua kusafisha.
— Ikicheza vizuri, fanya kopi siku ileile, hata kwa simu, na uandike inje: mwaka, mahali, jina la aliyekupa.

NAMNA YA KUTAFUTA MU JAMAA

Vijana, kazi hii inawafaa. Chukueni kaye moja na mufuate mupango huu.

1. Uliza kila mutu peke yake, mbele hawajasikilizana. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa atawapa wote ukumbusho wake.
2. Andika maneno yao vile wanayasema, hata kama yanapingana. Usisahihishe Kiswahili cha muzee.
3. Uliza juu ya maisha yake kuliko juu ya mchezo: ulikuwa unakaa kambi gani? Baba alikuwa anafanya kazi wapi? Ulikuwa mu darasa la ngapi? Mutoto gani alikuwa ku mugongo? Kwa majibu haya mwaka unapatikana.
4. Uliza luga, feza, mavazi, majina.
5. Kisha wakusanye wote na usome majibu. Sasa mabishano yatakuwa na faida.
6. Watafute walio mbali. Mu miaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na watu walipanda treni ku Likasi na ku Kolwezi na kuacha nyumba. Walikuwa majirani zetu, walikaa chini pamoja nasi mbele ya posti ileile, na walicheka kwa Kiswahili kilekile. Ukumbusho wenye kupungua kwetu unaweza kuwa kwao, ku Mwene Ditu ao ku Kananga. Kumuandikia jirani wa zamani kwa kumuuliza juu ya mchezo ni mwanzo mwepesi wa kusemezana tena, pale maneno mengine yangekuwa mazito.

Pengine kisha kazi yote jina halitapatikana. Michezo mingine haikupata hata jina, na mingine ilichezwa mara moja, ikaisha na usiku ule. Lakini kaye itakuwa na majina ya wachezaji, ya kambi, ya majirani, na hadisi tatu ao ine zenye watoto hawakusikia bado. Peleka kopi ku masomo ao ku maktaba ya parokia, mahali pengine panya hawafiki. Mutu mwingine, mu muji mwingine, anatafuta kipande chenye muko nacho.

Maulizo ya kuzungumuza mu jamaa

— Nani mu jamaa yetu aliona televizio mara ya kwanza, mwaka gani, na mu nyumba ya nani?
— Mchezo gani ulitufanya tucheke juu ya kosa letu wenyewe?
— Je, kuna kaseti mu nyumba ambayo hakuna mutu anajua iko na nini ndani?
— Jirani gani wa zamani angeweza kutusaidia kukumbuka, na nani ana njia ya kumufikia?